UCHAMBUZI: Upele wa kondoo si mzigo wa mfugaji mmoja

MWISHONI mwa mwaka wa 2024 na mapema 2025, taifa hili lilizama katika mjadala mkali kuhusu mpango wa serikali kuu wa kuchanja ng'ombe milioni 22 pamoja na mbuzi na kondoo milioni 50.

Chanjo hiyo ililenga ugonjwa wa miguu na midomo kwa upande wa ng'ombe, na sotoka kwa upande wa mbuzi na kondoo. Wanasiasa walirushiana maneno, wafugaji wakagawanyika, na kila aliyekuwa na mfugo zizini akawa na la kusema.

Katika kelele hizo, kuna adui wa kondoo ambaye hakupata nafasi ya kuzungumziwa. Adui huyo haui kundi zima kwa usiku mmoja, wala habari zake hazifiki katika majukwaa ya siasa. Humnyonyoa kondoo sufu kidogo kidogo, akamkondesha, akaiharibu ngozi yake na hatimaye akamfukarisha mwenye mali.

Huyo ni upele wa kondoo, pamoja na jamaa zake chawa, kupe na nzi wa kondoo. Hakuna chanjo inayouzwa dhidi yao. Dawa yao ni josho, sindano, ukaguzi na, zaidi ya yote, ushirikiano wa majirani. Ni hicho cha mwisho ambacho kimekosekana nchini kwa zaidi ya miaka 30.

Mfugaji wa Kinangop, Mau Narok au Timau anayewafuga Merino au Corriedale anaijua hali hii vyema. Asubuhi moja anawaona kondoo wawili wakijisugua kwenye nguzo za ua. Baada ya wiki chache, mashungi ya sufu yananing'inia kwenye seng'enge na kondoo wana mabaka yasiyo na manyoya mabegani, mgongoni na ubavuni.

Wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakanunua chupa yoyote watakayoelekezwa, wakanyunyiza na kungoja. Baada ya mwezi mmoja tatizo limerudi, na lawama zinaelekezwa kwa dawa. Mara nyingi dawa haina hatia. Aliyeitumia hakujua anapigana na nani.

Si kila kipara ni upele

Jambo la kwanza ni kutambua kwamba kondoo anaweza kupoteza manyoya kwa sababu nyingi. Kondoo aina ya Dorper, ambao asili yao ni Afrika Kusini na ambao wamependwa sana katika kaunti kama Kajiado, Laikipia na Nakuru, hupukutisha manyoya wenyewe. Hilo ni umbile lao wala si maradhi.

Kadhalika, kondoo aliyeugua homa kali, aliyekosa lishe wakati wa kiangazi au aliyezaa akiwa dhaifu anaweza kudondosha sufu wiki kadhaa baadaye. Sufu hukatika kwa sababu mwili ulikosa nguvu za kuilisha. Ngozi ya kondoo kama huyo huwa safi, na mnyama hajikuni.

Wakati wa mvua nyingi huweza pia kuzuka ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria, ambapo sufu hushikamana kwa magamba magumu. Kumwogesha mnyama huyo kwa dawa ya wadudu ni kupoteza fedha.

Upele wenyewe huletwa na utitiri uitwao kitaalamu Psoroptes ovis. Mdudu huyu hafiki urefu wa milimita moja. Hachimbi ndani ya ngozi, bali hukaa juu yake, chini ya sufu, na kula majimaji yanayotoka ngozi inapowashwa. Kinyesi chake ndicho hasa kinachosababisha muwasho mkali unaomfanya kondoo ajing'ate na kujisugua hadi kutokwa na damu.

Kutoka yai hadi mdudu mzima anayetaga huchukua takriban wiki mbili. Idadi ya wadudu huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki moja hivi. Ndiyo maana kondoo mmoja aliyenunuliwa Jumamosi sokoni anaweza kuwa chanzo cha kilio cha kundi zima baada ya miezi miwili.

Lililo baya zaidi ni kwamba katika wiki za kwanza kondoo huyo huonekana mzima kabisa. Mnunuzi hamwoni na kasoro, na muuzaji naye huenda hajui anachouza.

Kuna utitiri wa aina nyingine, Sarcoptes scabiei, ambao huchimba ngozi na hupenda sehemu zenye manyoya machache kama vile uso na masikio. Huu unaweza kumhamia mchungaji na kumletea muwasho. Mtu anayewashwa mikono baada ya kuwashika kondoo wake hapaswi kulipuuza jambo hilo.

Chawa nao huonekana kwa macho makali mtu akipambanua sufu. Nzi wa kondoo, ambaye hana mabawa na watu wengi humdhania kuwa kupe, huishi maisha yake yote katika manyoya ya kondoo akinyonya damu. Kupe wenyewe ndio hatari zaidi kwa uhai, kwa kuwa baadhi yao hueneza ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, maradhi yaliyotambuliwa jijini humo mwaka wa 1910 na ambayo jina la mji wetu mkuu limebaki nayo duniani kote.

Njia ya kuwatofautisha ni rahisi kwa mtaalamu. Hukwangua ngozi pembezoni mwa baka, mahali ambapo ngozi nzima inakutana na iliyougua, na kukitazama alichokwangua kwa hadubini. Mfugaji naye ana kipimo chake: akimsugua kondoo mwenye upele mgongoni, mnyama huanza kuchezesha midomo kama anayetafuna kitu. Dalili hiyo haitoshi kuthibitisha, lakini inatosha kumfanya amwite daktari.

Majosho yaliyokauka

Swali ambalo Wakenya wanafaa kujiuliza ni kwa nini ugonjwa ambao dawa yake inajulikana kwa zaidi ya karne moja bado unawatesa wafugaji.

Ufugaji wa kondoo wa sufu nchini ulianza na walowezi mapema miaka ya 1900. Lord Delamere aliagiza Merino kutoka New Zealand hadi Njoro, na wengi wao wakafa kabla hajajifunza tabia ya nchi. Pamoja na kondoo wa kigeni yalikuja mashamba makubwa, majosho na sheria kali za kuzuia magonjwa.

Baada ya Uhuru, mashamba mengi ya nyanda za juu yaligawanywa. Kondoo wakaingia mikononi mwa wafugaji wadogo wenye wanyama 5, 10 au 20, na serikali ikaendelea kugharimia majosho na kuwalipa maafisa waliozuru vijijini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya shinikizo la mageuzi ya uchumi yaliyotakiwa na wafadhili, serikali ilijiondoa katika huduma hizo. Majosho yalikabidhiwa jamii. Matibabu na upandishaji wa mbegu vikaachiwa watu binafsi.

Hoja ilikuwa kwamba mfugaji atalipia kile kinachomfaidi. Kwa ng'ombe wa maziwa wanaoingiza fedha kila siku, hoja hiyo ilikuwa na mashiko kiasi. Kwa kondoo haikuwa na mashiko, kwa sababu sufu hukatwa mara moja kwa mwaka na bei yake imekuwa ya kusikitisha.

Bei hiyo ilivurugwa na mambo yaliyotokea mbali. Mwaka wa 1991 Australia, nchi iliyotawala soko la sufu, iliacha mpango wake wa kuihakikishia sufu bei ya chini kabisa, na soko la dunia likaporomoka huku maghala yakiwa yamejaa. Nguo za nyuzi za viwandani zilikuwa tayari zimelishika soko. Mfugaji wa Nyandarua akajikuta akilipa gharama ya kunyoa inayokaribia thamani ya sufu yenyewe.

Mtu hatatumia fedha kutunza kitu kisichomlipa. Majosho mengi yalikauka, mengine yakaota nyasi, na kamati zilizokabidhiwa zikasambaratika kwa kukosa fedha za dawa au kwa migogoro.

Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mimea na wanyama, huku sera ya tiba ya mifugo ikibaki Nairobi. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, baadhi zimejenga upya majosho. Lakini upele hautambui mpaka wa kaunti. Kondoo hutoka Laikipia, akapitia mnada wa Nyeri na kulala Nyandarua kabla ya wiki kwisha.

Ukame wa kati ya 2020 na 2023 ulionyesha udhaifu huo. Zaidi ya mifugo milioni 2 waliangamia nchini, na waliosalia walisukumwa masafa marefu kutafuta malisho na maji. Makundi yaliyochanganyika kisimani hayakugawana maji peke yake.

Funzo kutoka ng'ambo

Si Kenya pekee iliyoamini kwamba ugonjwa wa pamoja unaweza kuachiwa mtu mmoja mmoja. Uingereza ilikuwa imeutokomeza upele wa kondoo kufikia mwaka wa 1952. Ulirejea mwaka wa 1973, na kwa miaka mingi baadaye sheria iliwalazimu wafugaji kuwaogesha kondoo wao chini ya uangalizi.

Mwaka wa 1992 serikali ya nchi hiyo iliondoa sharti hilo na kumwachia kila mfugaji uamuzi wake. Upele ulienea tena kwa kasi, na hadi leo haujaondoka. Mambo yalifikia hapo kwamba Scotland, kuanzia Desemba 2010, iliwataka tena wafugaji wapige ripoti kila wanaposhuku upele.

Australia, kwa upande mwingine, iliutokomeza mwaka wa 1896, enzi ambazo hakukuwa na sindano za kisasa. Iliutokomeza kwa sheria, ukaguzi, kuwaogesha wanyama na kuwachinja walioshindikana. Haikuwa na dawa bora kuliko zetu. Ilikuwa na nidhamu ya pamoja.

Jirani zetu wa Ethiopia wana funzo la tatu. Nchi hiyo husifika kwa ngozi laini za kondoo wa nyanda za juu, zinazotengenezewa glavu za bei ghali. Viwanda vyake viliteseka kwa sababu ya madoa ambayo huko huitwa ekek, yanayoletwa na wadudu wa ngozi wakiwemo chawa na nzi wa kondoo. Ethiopia iliona kwamba tatizo la kiwanda lilianzia zizini, na ikaanzisha kampeni za kuwatibu mbuzi na kondoo katika maeneo kama Amhara.

Hapo ndipo penye uzito kwa Kenya. Tumetumia fedha za umma kujenga eneo la viwanda vya ngozi Kinanie, Kaunti ya Machakos, tukitarajia ajira kwa vijana. Ila ngozi haitengenezwi kiwandani. Kiwanda huipokea ikiwa tayari imetobolewa, imekwaruzwa au imetiwa madoa, na mengi ya madhara hayo huonekana tu baada ya manyoya kuondolewa. Wakati huo mfanyabiashara ameshalipa.

Kwa hivyo hata mwenye Dorper au kondoo wekundu wa Wamaasai, ambaye hana haja na sufu, ana hasara katika jambo hili. Kondoo anayejikuna mchana kutwa hali nyasi ipasavyo, hanenepi, na maziwa ya kunyonyesha mwanakondoo humpungua. Hasara hiyo hufika sokoni ikiwa imejificha katika uzani wa mnyama.

Dawa ipo, lakini...

Tiba zinazotumika ni za aina mbili. Ya kwanza ni kumzamisha kondoo katika josho lenye dawa. Ili dawa imfikie mdudu, kondoo wa sufu hana budi kukaa majini kwa takriban dakika moja, na kichwa chake kizamishwe mara mbili.

Hii ndiyo sababu pampu ya mgongoni inayotumika kunyunyizia ng'ombe haiwezi kuponya upele. Inalowesha sufu kwa juu na kuiacha ngozi ikiwa kavu. Vivyo hivyo, dawa za kumwagia mgongoni haziaminiki dhidi ya mdudu huyu, hata kama husaidia kwa kupe au chawa.

Ya pili ni sindano za dawa za jamii ya ivermectin. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 1, kipimo cha kawaida ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzani, chini ya ngozi. Dhidi ya upele huhitajika sindano mbili, ya pili siku 7 baada ya ya kwanza.

Tuchukue mfugaji mwenye kondoo 20 wa kilo 40 kila mmoja. Anahitaji mililita 16 kwa awamu moja, yaani mililita 32 kwa jumla. Wengi hukadiria uzani kwa jicho, wakapunguza kipimo ili chupa iwatoshe, kisha wakaiacha sindano ya pili kwa kuwa muwasho umetulia. Wadudu waliosalia ndio walio sugu zaidi, na ndio wanaozaa kizazi kijacho.

Hatari hiyo si ya kubuni. Nchini Uingereza, wanasayansi wamethibitisha katika miaka ya karibuni kuwepo kwa utitiri unaostahimili dawa za jamii hii. Isitoshe, dawa hizo hizo ndizo tunazotegemea dhidi ya minyoo ya tumbo. Mfugaji anayedunga ovyo kwa ajili ya upele huwafunza minyoo nayo kuzizoea.

Sindano hizi pia hazimalizi chawa wanaotafuna ngozi, kwani hawa hawanywi damu. Aliyekosea kutambua adui atatumia dawa ghali bila kupata nafuu yoyote.

Dawa za josho nazo zina madhara yake. Baadhi, hasa za jamii ya diazinon, ni sumu kwa mishipa ya fahamu ya binadamu, na wapo wafugaji wa Uingereza walioishi na malalamiko ya afya baada ya miaka ya kuogesha kondoo. Nyingine huua samaki na wadudu wa majini zikimwagwa mtoni. Glavu, mabuti na shimo salama la maji machafu ni sehemu ya gharama ya tiba.

Hatimaye kuna mlaji. Kila dawa ina siku ambazo mnyama hapaswi kuchinjwa wala maziwa yake kunywewa. Siku hizo huandikwa kwenye chupa, mara nyingi kwa maandishi madogo na kwa Kiingereza. Kondoo huuzwa kwa haraka wakati karo inapodaiwa, na ni nani atakayeuliza alidungwa lini?

Nini kifanyike?

Kwanza, mfugaji atenge kila kondoo mgeni kwa wiki tatu au zaidi, amkague na kumtibu kabla ya kumchanganya na wenzake. Utitiri huu huweza kuishi nje ya mwili wa kondoo kwa zaidi ya wiki mbili, hivyo zizi lililokuwa na wagonjwa liachwe tupu kwa muda huo, na mashungi ya sufu yaliyo kwenye ua yakusanywe na kuchomwa.

Pili, majirani wanaotumia malisho mamoja watibu siku moja. Familia tisa zikitibu na ya kumi ikaacha, fedha za wale tisa zimeliwa na utitiri. Vyama vya ushirika, ambavyo tayari vipo karibu kila kata ya nyanda za juu kwa ajili ya maziwa, vinaweza kununua dawa kwa pamoja na kumlipa mtaalamu mmoja kwa kundi zima.

Tatu, kaunti zinazopakana zikubaliane kuhusu ratiba moja ya kampeni, na minada iwe na ukaguzi wa kweli. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama tayari inazipa mamlaka nguvu za kuzuia usafirishaji wa mifugo wagonjwa. Kinachokosekana ni afisa wa kuisimamia, pikipiki ya kumfikisha mnadani na mafuta ya pikipiki hiyo.

Nne, serikali kuu ikome kuitazama afya ya mifugo kwa jicho la chanjo peke yake. Ikiwa maafisa watakwenda kijijini kuchanja dhidi ya sotoka, ni hasara kuwarudisha bila ya kuikagua ngozi ya mnyama yule yule waliyemshika mikononi.

Wapo watakaosema kwamba kaunti zina mahitaji makubwa zaidi, kama vile hospitali na barabara, na kwamba mwenye kondoo ajitegemee. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama upele ungekaa zizini mwa mzembe pekee. Haukai. Mfugaji mwangalifu hulipa mara mbili: hulipia dawa yake, kisha akalipia uzembe wa jirani.

Tofauti na hospitali, gharama yenyewe si kubwa. Josho la kondoo ni dogo, dawa zinajulikana, na mdudu huyu hana mahali pengine pa kudumu isipokuwa mwilini mwa kondoo. Akikosa kondoo kwa wiki chache, amekwisha. Ni maradhi machache yenye udhaifu wa wazi kiasi hiki.

Wahenga walisema kwamba ukiona mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Kwa upele wa kondoo, methali hiyo ina maana mbili. Kipara cha kondoo wa jirani ni onyo kwako, na maji unayohitaji ni ya josho mtakalolijaza pamoja.